Lori la Dizeli Likizeeka: Lini Injini Ifunguliwe, Lini Iachwe

Injini ya lori la dizeli haifunguliwi kwa sababu imefikisha miaka au kilomita nyingi. Hufunguliwa kwa sababu vipimo vimeonyesha kwamba kitu fulani ndani yake kimekwisha. Hilo ndilo jibu la swali linaloulizwa kila mara na wenye Canter na Isuzu za tani 3 na 4 zilizoletwa zikiwa zimeshatumika Japani, na wenye Scania 113 na 124 ambazo hadi leo zinapanda mlima wa Kitonga na mzigo. Swali lenyewe huja hivi: injini inafanya kazi, haijaleta usumbufu, lakini gari ni la zamani na fundi anashauri ifunguliwe mapema kabla haijanoki njiani. Je, ifunguliwe?

Wanaoshauri kufungua hutaja methali ya ufa na ukuta. Methali ni ya kweli, ila ufa huzibwa ukishaonekana. Kubomoa ukuta mzima ili kutafuta ufa ni kazi nyingine, na mara nyingi hiyo ndiyo inayouleta ufa wenyewe.

## Kinachoua injini

Katika injini iliyotunzwa, ringi zimeshazoeana na slivu zake na beringi zimeshakaa sawasawa na krenki. Zikipata oili safi, hewa safi na joto la wastani, huchakaa polepole mno. Injini kama 4D33 ya Canter, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,214, au 4HF1 ya Isuzu, yenye 4,334, zilitengenezwa kwa kazi ngumu. Taimingi zake zinaendeshwa kwa gia, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika. Injini za namna hii zikifa, kwa kawaida zimeuawa, na wauaji wanajulikana:

- gari kuchemsha, hata mara moja tu, dereva akaendelea kukanyaga ili afike;
- oili kuisha au kupoteza nguvu bila mtu kuangalia;
- vumbi kupita kwenye eya klina iliyopasuka au isiyofungwa vizuri;
- nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuirusha kama ukungu;
- mafuta yaliyochanganywa na maji au mafuta ya taa.

Wote hao wanatoka nje ya injini. Kwa hiyo pesa ya tahadhari ianze kutumika nje, ambako kazi ni nafuu na kosa linasahihishika.

## Kazi za kufanywa bila kusubiri dalili

Mfumo wa kupoza. Huu ndio wa kwanza, na ndio unaodharauliwa zaidi. Rejeta isafishwe ndani na nje, mipira yake yote ibadilishwe ikiwa imevimba au inabonyea kama sifongo, feni belti ikaguliwe, na wota pampu ishikwe kwa mkono kuona kama inacheza.

Kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa kuliko bei yake. Kikiwa kizima na cha presha ya ba 0.9, maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi joto 118 usawa wa bahari. Kikiisha mpira, maji huchemka katika nyuzi 100 Dar es Salaam au Mombasa, lakini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka katika nyuzi 93 hivi, na Timboroa, juu zaidi ya mita 2,700, katika nyuzi 91. Lori lisilo na tatizo pwani linaweza kuchemsha milimani kwa sababu ya kifuniko tu, kisha fundi akafungua silinda hedi isiyo na kosa.

Kosa lililoenea kuliko yote ni kutoa themostati. Husemwa kwamba nchi za joto haziihitaji. Ukweli ni kwamba injini isiyo nayo huenda safari nzima ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa; dizeli haiungui vizuri, hutiririka kwenye kuta za silinda na kuosha oili iliyopo pale. Tena, katika injini nyingi themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi muda wote. Sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa, na gari linachemsha mlimani kwa sababu ya kitu kilichotolewa ili lisichemshe. Irudishwe, na kabla ya kufungwa ipimwe kwa kutumbukizwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka: lazima ifunguke.

Maji ya kisima yenye chumvi yasitiwe kwenye rejeta. Injini ambazo maji yanagusa slivu moja kwa moja, kama za Scania, zinahitaji kulenti yenye dawa ya kuzuia kutu. Bila dawa hiyo, mtetemo wa slivu hutoboa vishimo upande wa nje mpaka maji yakaingia kwenye oili.

Mpira wa oili wa pampu ya vakyumu. Katika malori mengi madogo ya Kijapani, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta na hulainishwa kwa oili ya injini kupitia mpira mwembamba. Mpira huo hukauka na kupasuka karibu na klipu. Ukipasuka kwenye mteremko, oili yote humwagika na msaada wa breki hupotea kwa wakati mmoja. Ni mpira wa bei ndogo, na kwenye gari la zamani ubadilishwe hata kama unaonekana mzima.

Eya klina. Kipimo si rangi ya filta tu. Kidole kipitishwe ndani ya bomba linalotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini. Vumbi likibaki kidoleni, hewa chafu inapita, na hakuna ringi zitakazodumu mpaka mahali inapopita pamezibwa.

Nozeli. Zitolewe, zipelekwe kwa fundi pampu, zipimwe kwenye mashine. Kazi hii haifungui injini. Nozeli moja inayodondosha inaweza kutoboa kichwa cha pistoni.

Valvu. Nafasi zake zipimwe. Kwa 4D33 ni milimita 0.4 injini ikiwa baridi. Ni kazi ya nusu siku.

Mkanda wa taimingi, kwa injini zenye nao. Pikapu nyingi ziko kundi hili: Toyota za 2L, 3L na 5L, Land Cruiser ya 1HZ, Mitsubishi za 4D56. Hapa hakuna cha kupima wala kusubiri. Mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na rola yake, na kama tarehe ya mwisho haijulikani, ubadilishwe sasa. Ukikatika, pistoni hugonga valvu.

## Kwa nini odometa isiaminiwe

Lori la mtumba linaweza kuonyesha kilomita 180,000 kwa miaka. Waya wa mita umekatika, au namba zilirudishwa nyuma kabla gari halijapanda meli. Hata namba ya kweli haielezi kazi iliyofanyika: kilomita 100,000 za lami tupu kati ya Chalinze na Morogoro si sawa na kilomita 100,000 za kubeba mchanga mjini, gari likisimama na kuwaka siku nzima. Uamuzi usijengwe juu ya namba hiyo.

## Vipimo vinavyotangulia uamuzi

Vipimo hivi vifuatwe kwa mpangilio, kwa sababu vya mwanzo havigharimu kitu na mara nyingi hutoa jibu.

1. Kuwasha asubuhi. Injini iwashwe ikiwa imelala usiku kucha, mwenye lori akiwapo. Fundi au muuzaji asiipashe moto kabla. Injini nzima yenye betri nzuri huwaka ndani ya sekunde chache.

2. Rangi ya moshi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na mara nyingi hutokana na nozeli, pampu au eya klina. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaokwisha injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua. Mweupe usiokwisha, na maji yanapungua kwenye rejeta, ni maji yanayoingia kwenye silinda.

3. Kupumua. Injini ikiwa moto na inanguruma bila kukanyagwa, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe na kuwekwa kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo, si neno. Kikirushwa, presha ya silinda inapita ringi na kuingia chini ya injini, au kuna chanzo kingine ambacho kitaelezwa mbele.

4. Presha ya oili. Geji ya mkono ifungwe mahali pa swichi ya taa, gari litembezwe mpaka lipate moto wa kweli, kisha isomwe injini ikinguruma chini na ikikanyagwa. Taa ya dashibodi haitoshi, kwa kuwa huwaka presha ikiwa imekwisha kabisa. Katika injini nyingi, chini ya ba 0.5 ikiwa moto na bila kukanyagwa ni hatari.

5. Oili inayoongezwa. Dereva apewe daftari na aandike kila nusu lita anayoongeza pamoja na kilomita. Kipimo hiki kinachukua mwezi, na kinashinda maneno yote. Zaidi ya lita 1 kwa kilomita 1,000 katika injini ya silinda 4 ni nyingi. Oili ikiongezeka yenyewe kwenye kijiti, hiyo ni dizeli au maji yanayoingia, na lori lisimamishwe siku hiyohiyo.

6. Kompresheni. Geji ya dizeli itumike, si ya petroli. Silinda zote zipimwe injini ikiwa na moto na betri ikiwa imejaa, na namba za kila silinda ziandikwe. Injini nyingi za aina hii zikiwa nzima hutoa kati ya ba 25 na 30. Kitabu cha injini ndicho kinachotoa mpaka wake.

7. Upepo wa kompresa. Silinda iliyoonyesha udhaifu ipandishwe pistoni mpaka juu valvu zote zikiwa zimefungwa, kisha upepo uingizwe kupitia tundu la nozeli, gia ikiwa imewekwa na tairi zimezuiwa ili krenki isizunguke. Sikio ndilo linaloamua. Upepo ukisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutoa moshi haifungi. Ukisikika kwenye bomba la eya klina, ni valvu ya kuingiza hewa. Ukisikika kwenye tundu la oili, ni ringi au slivu. Mapovu yakitoka kwenye rejeta, ni gasketi au hedi iliyopasuka.

Kipimo cha saba kinachukua kama saa moja na kompresa ya kawaida ya gereji, lakini ni gereji chache zinazokifanya. Mwenye lori akidai kifanyike mbele yake, hana sababu ya kuona aibu. Ndicho kinachotofautisha kutengeneza silinda hedi peke yake na kufungua injini nzima.

## Namna ya kusoma majibu

Kipimo kimoja peke yake kisifungue injini. Viwili vinavyosema jambo moja vinatosha.

Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kinacholingana, na oili inaliwa, na moshi ni wa bluu, ringi na slivu zimekwisha kweli. Silinda moja ikiwa chini huku nyingine ziko sawa, tatizo liko mahali pamoja: valvu, gasketi au pistoni ya silinda hiyo. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Tofauti ya zaidi ya ba 3 au 4 kati ya silinda ya juu na ya chini inahitaji maelezo, hata kama gari bado lina nguvu. Kwenye Scania 124 kila silinda ina hedi yake, hivyo tatizo la silinda moja linaweza kushughulikiwa bila kugusa nyingine tano.

Kuna dalili tatu zinazodanganya, na zimefanya injini nyingi nzima zifunguliwe bure:

- *Injini inapumua sana lakini kompresheni ni nzuri.* Pampu ya vakyumu iliyochakaa husukuma hewa ndani ya injini kupitia njia ya oili. Tabo iliyochoka na kompresa ya upepo ya malori makubwa hufanya vivyo hivyo. Pampu itenganishwe kwa muda gari likiwa limesimama, injini iwashwe, kisha kifuniko kiangaliwe tena.
- *Injini inakula oili lakini haipumui.* Sili za valvu au za tabo zishukiwe kabla ya ringi. Kwenye malori yenye breki za upepo, tangi la upepo lifunguliwe chini. Ikitoka oili nyingi, inapotelea kwenye kompresa.
- *Injini inagonga.* Mlio wa kugonga hutoka pia kwa nozeli mbovu. Injini ikinguruma, nati ya bomba la nozeli ilegezwe kidogo, moja baada ya nyingine. Mlio ukikatika kwenye silinda moja, nozeli ya silinda hiyo ibadilishwe kwanza. Mlio ukirudi na nozeli nzima, ndipo beringi ya konrodi au pini ya pistoni ishukiwe. Kazi hii ni ya pampu za zamani tu. Injini za koman reli zina presha inayoweza kutoboa ngozi, na bomba lake lisilegezwe kamwe injini ikiwa inawaka.

Presha ya oili ikiwa ndogo, hatua ya kwanza ni oili mpya ya uzito unaotakiwa na filta nzuri, kisha kipimo kirudiwe. Ikibaki chini, sampu ifunguliwe kutoka chini bila kugusa hedi, na beringi moja au mbili za konrodi zitolewe. Uso wake uwe wa kijivu kilichosawazika. Rangi ya shaba ikianza kuonekana, tabaka la juu limekwisha, na kubadilisha beringi wakati huo, krenki ikiwa bado nzima, ni tahadhari yenye faida ya wazi. Injini ya Toyota 1HD-T inajulikana kwa beringi za konrodi zinazokwisha mapema, na wenye nayo hubadilisha kabla ya dalili yoyote. Huo ni udhaifu unaojulikana wa injini moja. Hauzihusu injini zote za zamani.

## Hesabu kabla ya fundi

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Kila mwenye lori aweke zake. Tuseme lori linabakiza shilingi 150,000 kwa siku baada ya dizeli, dereva na utingo. Kufungua sasa, kwa mpango, kunagharimu milioni 2.5 na siku 6 za kusimama, yaani laki 9. Jumla ni milioni 3.4. Injini ikinoki njiani, kuna kuvutwa, kuhamisha mzigo, kuchonga au kununua krenki: milioni 7, na siku 20 za kusimama, yaani milioni 3. Jumla ni milioni 10.

Milioni 3.4 ni kama theluthi ya milioni 10. Basi kufungua kunalipa ikiwa uwezekano wa injini kufa katika kipindi kinachozungumziwa unazidi theluthi moja. Injini iliyofaulu vipimo vyote haifikii hapo. Injini yenye presha ndogo ya oili na mlio wa kugonga kutoka chini imeshapita. Kwa zilizo katikati, vipimo virudiwe kila baada ya miezi 3, na kinachoangaliwa ni mwendo wa namba. Kompresheni ya ba 24 iliyosimama palepale mwaka mzima haina haraka. Iliyoshuka kutoka 27 hadi 24 kwa miezi 6 inayo.

Tarehe nayo ina bei. Kazi ikiamuliwa, ifanyike kabla ya msimu wa mavuno, wakati mizigo ni michache.

## Mashaka yanayoulizwa sana

*"Injini ikifunguliwa si inarudi kuwa mpya?"* Hairudi kuwa mpya kwa kufunguliwa. Inategemea spea, vipimo na usafi. Mchanga kidogo kwenye njia ya oili, au bolti moja ya hedi iliyokazwa kwa kukisia, hufupisha maisha ya injini iliyokuwa haina shida.

*"Fundi amesikia kwa sikio tu kwamba imekwisha."* Sikio la fundi mzoefu ni la thamani, na linafaa kuonyesha pa kupimia. Baada ya hapo geji ndiyo inayotoa hukumu.

*"Oili nzito au dawa ya kuongeza si itasaidia?"* Oili nzito hupandisha presha kwenye geji bila kurudisha chuma kilichoisha, na asubuhi ya baridi Mbeya au Makambako huchelewa kufika juu kwenye valvu. Inaweza kulifikisha lori gereji au mnadani. Si matengenezo.

*"Dereva anasema gari halina shida."* Dereva hupima nguvu, na nguvu hupungua kidogo kidogo kiasi kwamba anayekalia kiti kila siku haioni. Kipimo bora cha barabarani ni mlima mmoja uleule, mzigo uleule, na gia iliyotumika kuumaliza.

## Makosa injini inapofunguliwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo kila jambo linahitaji kusimamiwa.

Kosa la kwanza ni kubadilisha ringi tupu. Slivu huchakaa zaidi karibu na juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, na juu yake hubaki ukingo ambao haukuguswa. Ringi mpya hupanda juu kidogo kuliko ya zamani, hugonga ukingo huo na kuvunjika. Pia ringi mpya zikiwekwa kwenye slivu iliyong'aa kama kioo hazikai, na injini huendelea kula oili ileile. Slivu ipimwe kwa geji ya ndani juu, katikati na chini, tena kwa pande mbili. Ikiwa imezidi mpaka wa kitabu, ibadilishwe pamoja na pistoni. Ikiwa bado, ipigwe hona iwe na michirizi ya kupishana.

Kosa la pili ni gasketi ya kukisia. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za hedi za unene tofauti, na unene huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Nyembamba kupita kiasi, pistoni hukaribia valvu. Nene kupita kiasi, kompresheni hushuka na injini haiwaki vizuri asubuhi. Gasketi ya zamani isitupwe kabla alama zake hazijasomwa.

Mengine ni mafupi:

- Hedi iliyowahi kuchemsha ipimwe kwa presha ya maji kutafuta ufa kabla ya kuchongwa. Kuchonga hedi iliyopasuka ni hasara mbili.
- Bolti za hedi zikazwe kwa toki renchi na kwa mpangilio wa kitabu.
- Krenki iliyochongwa ipewe beringi za saizi yake, na nafasi ipimwe.
- Pampu ya oili na tundu zote za oili zisafishwe na kukaguliwa hata kama hazikuwa na lawama.
- Spea zikaguliwe mkononi kabla ya kulipwa. Beringi feki hujulikana kwa kingo zisizo laini na tundu la oili lisilolingana na la zamani.
- Nozeli zilizoharibu pistoni ya zamani zisirudishwe juu ya pistoni mpya bila kupimwa.

## Injini ya mtumba badala ya kufungua

Gharama za kufungua zikikaribia bei ya injini nzima iliyotumika, wengi hukimbilia maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Njia hiyo inafaa, kwa masharti. Injini ipimwe kompresheni ikiwa bado dukani. Sampu iangaliwe ndani. Sili, wota pampu, themostati na mipira vibadilishwe ikiwa bado iko chini, wakati kila kitu kinafikika. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yaandikishwe TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na risiti ihifadhiwe. Lori lenye namba mbili tofauti huleta matatizo barabarani, kwenye bima na siku ya kuliuza.

Tatizo lililoua injini ya kwanza litafutwe kabla ya ile ya pili kuwashwa. Rejeta iliyoziba haijali injini iliyofungwa nyuma yake ni ya nani.

## Baada ya injini kufungwa

Injini izungushwe kwanza kwa stata bila kuwaka mpaka geji ionyeshe presha ya oili. Ikiwaka, isiachwe ikinguruma chini kwa saa nzima, kwa kuwa ringi hukaa kwenye slivu kwa mzigo wa wastani, si kwa kuunguruma. Safari za kwanza ziwe na nusu ya mzigo, bila kulazimisha gia kubwa mlimani.

Oili ya kwanza imwagwe ikifika kilomita 1,000, na filta yake ikatwe kwa msumeno, karatasi ikunjuliwe na kuangaliwa juani. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa injini mpya. Vipande vya kumeta vya rangi ya shaba au vinavyoshikwa na sumaku si vya kawaida, na vikionekana, lori lisipakiwe tena mpaka sampu ifunguliwe.